Usipoziba ufa: Udhaifu wa vivinjari na barua pepe katika saiba za Nyeri na miji ya Mlima Kenya

MKAZI wa Nyeri anayewasilisha ripoti ya ushuru kabla ya Juni 30, mzazi wa Karatina anayemsaidia mwanawe kuomba nafasi ya chuo kikuu, na mwalimu wa Othaya anayetafuta stakabadhi kwenye tovuti ya eCitizen, mara nyingi hukutana mahali pamoja: katika saiba.

Kwa zaidi ya miaka 20, vyumba hivyo vyenye tarakilishi chache, printa na mashine ya kunakili vimekuwa ofisi ya umma isiyo rasmi katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Nanyuki hadi Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Shughuli zinazofanywa humo, ziwe za ushuru, za mkopo wa HELB au za chama cha ushirika, hupitia programu za aina mbili tu: kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na programu ya barua pepe.

Programu hizo mbili ndizo mlango wa mbele wa tarakilishi. Makala haya yanaeleza jinsi mlango huo unavyopata nyufa, jinsi nyufa hizo zilivyotumiwa na wahalifu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa nini hatari iliyo kubwa zaidi kwa mtu wa kawaida haitokani na ufa usiojulikana. Hutokana na ule uliokwisha kutangazwa na kupatiwa dawa, ila dawa yenyewe haikutumiwa.

UDHAIFU NI NINI?

Udhaifu wa kiusalama ni kasoro katika programu inayompa mtu asiyehusika uwezo wa kuifanyisha kazi ambayo mwenye tarakilishi hakuiruhusu. Udhaifu si kirusi. Kirusi ni programu iliyoandikwa kwa nia mbaya. Udhaifu ni kosa alilolifanya bila kukusudia mtu aliyekuwa akiandika programu halali. Kirusi kikiwa mwizi, udhaifu ni dirisha lisilofungika.

Vivinjari na programu za barua pepe huandamwa na kasoro hizi kuliko programu nyingine nyingi kutokana na kazi yake. Programu ya kupigia hesabu hushughulikia tarakimu za mwenyewe. Kivinjari huletewa kazi na wageni: kila ukurasa unaofunguliwa huja na maandishi, picha, video na amri zilizoandikwa na watu ambao msomaji hawajui, nacho hulazimika kuzisoma na kuzitekeleza papo hapo. Programu ya barua pepe nayo hupokea chochote kinachotumwa na yeyote anayeijua anwani.

Kasoro nyingi huhusu jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya tarakilishi. Mwandishi wa programu hutenga nafasi ya kiasi fulani kwa ajili ya picha. Mshambuliaji huituma picha iliyoharibiwa makusudi ili data ifurike nje ya nafasi hiyo, na ndani ya mafuriko hayo huchomeka amri zake. Mwaka wa 2020, watengenezaji wa kivinjari cha Chrome walitangaza kuwa takriban asilimia 70 ya kasoro nzito za usalama walizozipata katika kivinjari chao zilikuwa za jamii hii ya kumbukumbu.

Mtafiti mwaminifu akigundua ufa, kwa kawaida humjulisha mtengenezaji kimyakimya. Mtengenezaji huandika marekebisho, yaitwayo kiraka, kisha kasoro hutangazwa na kupewa nambari katika orodha ya kimataifa ya CVE iliyoanzishwa mwaka wa 1999. Iwapo wahalifu ndio waliotangulia kuugundua, wataalamu huuita udhaifu wa siku sifuri, kwa maana kwamba mtengenezaji hakupata hata siku moja ya kujiandaa.

Hapa ndipo penye kinaya. Kutolewa kwa kiraka ni tangazo kwa pande zote mbili. Mdukuzi hulinganisha programu ya zamani na ile mpya, akaona kilichobadilishwa, na hivyo akajua ufa ulipokuwa. Tangu siku hiyo, asiyeweka kiraka huwa katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo kiraka kilipokuwa hakijatolewa.

BARUA ILIYOZUNGUKA DUNIA

Udhaifu wa barua pepe ulijulikana kwa umma kupitia misukosuko mitatu iliyofuatana kwa muda mfupi.

Machi 26, 1999 kilizuka kirusi kilichoitwa Melissa. Kilijificha ndani ya hati ya Word, na hati hiyo ilipofunguliwa kiliitumia programu ya Outlook kujituma kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani za mwenye tarakilishi. Novemba mwaka uo huo kikaonekana kingine, BubbleBoy, ambacho hakikuwa na kiambatisho chochote. Kilitumia kasoro ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Outlook ilikitegemea kuonyesha barua, na kusoma ujumbe pekee kulitosha kukiamsha. Ushauri uliozoeleka, kwamba barua haina madhara mradi usifungue kiambatisho, ukawa si kweli tena.

Mei 4, 2000 ulizuka msukosuko mkubwa zaidi, ule wa ILOVEYOU, ulioanzia nchini Ufilipino. Barua ilijidai kuwa ya mapenzi, na kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Herufi tatu za mwisho ndizo zilizoonyesha kuwa faili hiyo ni programu, lakini Windows ilikuwa na desturi ya kuzificha. Msomaji aliona jina linaloishia kwa TXT, akadhani ni maandishi matupu. Alipoibofya, ilifuta picha na faili nyingine kwa kuziandika juu, kisha ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha yake ya anwani. Kijana aliyeshukiwa hakufunguliwa mashtaka hadi mwisho, kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo wakati huo. Ilipitisha sheria mwezi uliofuata.

Tukio lenye funzo kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni lile la Nimda. Machi 29, 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika Internet Explorer ulioiwezesha barua pepe kuendesha kiambatisho chake yenyewe, bila ya msomaji kukibofya. Septemba 18, 2001, karibu miezi sita baadaye, Nimda ilitapakaa duniani kwa kutumia, miongoni mwa njia nyingine, ufa huo huo. Mwaka uliofuata kirusi cha Klez kilikuwa kingali kinapenya kwa mlango ule ule. Kiraka kilikuwepo muda wote huo. Waliokosa kukiweka ndio waliolipa.

Wateja wengi wa saiba nchini Kenya hawakutumia Outlook. Walikuwa na anwani za Yahoo au Hotmail, walizozifungua ndani ya kivinjari. Huko nako hakukuwa salama kabisa. Mwishoni mwa Agosti 1999 ilibainika kuwa mtu aliweza kuingia katika akaunti ya Hotmail ya mwingine bila kuijua nywila yake, na Microsoft ikalazimika kuifunga huduma hiyo kwa saa kadhaa. Juni 2006 mnyoo wa Yamanner uliwapata watumiaji wa Yahoo. Barua ilipofunguliwa tu, amri za JavaScript zilizokuwa ndani yake zilikusanya anwani za marafiki wa msomaji na kuzitumia kuendelea kuenea. Ufa wa namna hii haumo katika tarakilishi ya msomaji, bali katika tovuti ya barua yenyewe, na anayeweza kuuziba ni mwenye tovuti peke yake.

KIRAKA CHA SAA KUMI

Ili kuelewa ni kwa nini miji ya mbali na Nairobi iliathirika kwa namna yake, ni muhimu kukumbuka jinsi intaneti ilivyofika huko. Kabla ya mwaka wa 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ulimwengu yalitegemea setilaiti, na tarakilishi nyingi nje ya miji mikuu ziliunganishwa kwa modemu na laini ya simu. Kasi ya juu kabisa ya modemu ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, na mteja alilipia kila dakika aliyokuwa hewani.

Agosti 2004, Microsoft ilitoa marekebisho makubwa ya Windows XP yaliyoitwa Service Pack 2. Yaliwasha ukuta wa kinga bila kusubiri agizo la mwenyewe, yakaipa Internet Explorer uwezo wa kuzuia madirisha yanayojifungua ovyo, na yakaongeza ulinzi dhidi ya viambatisho katika Outlook Express. Faili yake kamili ilikuwa na megabaiti zipatazo 266. Kwa modemu ya kilobiti 56, hata laini ingefanya kazi kwa kasi yake yote bila kukatika, kuipakua kungechukua zaidi ya muda wa saa 10. Si vigumu kuelewa ni kwa nini mwenye biashara aliyelipia kila dakika angeahirisha kazi hiyo.

Kulikuwa na sababu ya pili. Muungano wa watengenezaji wa programu, BSA, ulikadiria katika miaka ya 2000 kuwa takriban programu nane kati ya kila kumi zilizowekwa katika tarakilishi nchini Kenya hazikuwa na leseni. Microsoft iliendelea kutoa viraka vya usalama hata kwa nakala zisizo halali, lakini baada ya kampuni hiyo kuanzisha ukaguzi wa uhalali wa Windows mwaka wa 2005, baadhi ya wenye nakala hizo walizima kabisa huduma ya kusasisha kwa hofu ya kugunduliwa. Walikwepa onyo, na papo hapo wakakosa kinga.

Sababu ya tatu ilitokana na jaribio la kujikinga. Saiba nyingi katika nchi mbalimbali zimetumia programu ya kugandisha tarakilishi, kama vile Deep Freeze ya kampuni ya Faronics kutoka Kanada. Kila mashine inapozimwa na kuwashwa tena, programu hiyo huirejesha katika hali iliyokuwa nayo siku ilipogandishwa. Kirusi kilichoingia asubuhi huwa kimetoweka jioni. Lakini kiraka kilichowekwa asubuhi nacho hutoweka vilevile, isipokuwa mwenye saiba aiyeyushe mashine kwanza, aweke kiraka, kisha aigandishe upya. Asiyefanya hivyo huwa amegandisha nyufa pamoja na tarakilishi, na kirusi kile kile kitakaporudi kesho kitazikuta wazi.

Kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi Mombasa mwaka wa 2009, kasi ilipanda na gharama ikaanza kushuka. Tangu hapo, ukubwa wa kiraka haujawa kisingizio kikubwa. Mazoea ndiyo yaliyobaki.

VITA VYA VIVINJARI NA FAIDA ZAKE

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka wa 2001, ndiyo iliyotawala karibu kila tarakilishi. Utawala huo ulikuwa na madhara mawili. Mtengenezaji hakuwa na mshindani wa kumsukuma kuiboresha, na mhalifu aliyegundua ufa mmoja alikuwa amepata ufunguo wa karibu dunia nzima.

Hali ilianza kubadilika mwaka wa 2004. Juni mwaka huo, wahalifu waliingilia seva za tovuti halali na kuzipandikizia amri zilizotumia nyufa za Internet Explorer kuiba nywila za wageni. Kitengo cha Marekani cha kushughulikia dharura za tarakilishi, US-CERT, kikataja kuhamia kivinjari kingine kuwa miongoni mwa njia za kujikinga. Novemba 9, 2004 Firefox 1.0 ilitoka. Ilitolewa bure, na faili yake ya Windows ilikuwa na karibu megabaiti 5 tu, kiasi ambacho modemu ya kilobiti 56 ingepakua kwa dakika zipatazo 12. Kwa saiba ya mji mdogo, hilo lilikuwa jambo linalowezekana.

Septemba 2008 Google ilitoa Chrome, iliyoleta mambo mawili yaliyoigwa baadaye na wengine. La kwanza ni kizimba: kurasa huendeshwa katika eneo lililotengwa ili ufa ukitumiwa, mshambuliaji abaki amefungiwa humo asiifikie tarakilishi nzima. La pili ni kujisasisha bila kumwomba mtumiaji ruhusa.

Januari 2010 ilifichuliwa kwamba ufa wa siku sifuri katika Internet Explorer ulikuwa umetumiwa kuishambulia Google na makampuni mengine makubwa. Serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao watumie kivinjari kingine hadi kiraka kipatikane. Programu ya Flash, iliyokuwa njia nyingine iliyopendwa na wahalifu, ilikoma kuhudumiwa mwishoni mwa 2020. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 15, 2022.

NYUFA ZA KARIBUNI

Kupita kwa programu hizo hakukumaliza tatizo. Matukio mawili ya mwaka wa 2023 yanatosha kuwa ushahidi.

Machi 2023 Microsoft iliziba ufa katika Outlook ya Windows, wenye nambari CVE-2023-23397. Mshambuliaji alituma ukumbusho wa mkutano ulioielekeza Outlook itafute mlio wake katika seva yake. Outlook ilipokwenda kuuchukua, ilijitambulisha kwa seva hiyo na kuacha alama za siri zinazoweza kutumiwa kuiga utambulisho wa mwenye akaunti. Mpokeaji hakuhitaji kufungua wala kusoma chochote.

Septemba 2023 iligunduliwa kasoro, CVE-2023-4863, katika kifurushi cha kusomea picha za aina ya WebP. Kwa kuwa kifurushi kimoja hutumiwa na programu nyingi, Chrome, Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird zote zilihitaji kiraka, na watengenezaji wake walikitoa ndani ya siku chache. Picha moja iliyoharibiwa kwa ustadi ilitosha kuleta madhara.

Hapo ndipo umri wa mashine unapokuwa suala la usalama. Mapema mwaka huo wa 2023, Chrome ilikuwa imeacha kuhudumia Windows 7, na mashine za aina hiyo zikabaki na toleo la 109. Ufa wa WebP ulipotangazwa, zilikuwa zimekwisha kuondolewa katika orodha ya zinazohudumiwa. Desemba mwaka uo huo simu za Android 7 nazo ziliachwa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine haifi siku hiyo. Huendelea kuwaka na kuchapisha kama kawaida. Kinachokoma ni viraka, na hilo halionekani kwa macho.

TARAKILISHI MOJA, SIRI ZA KIJIJI

Tarakilishi ya nyumbani ikipenywa, familia moja huumia. Ya saiba ikipenywa, huumia kila aliyeketi mbele yake. Katika mwezi wa Juni, mashine moja inaweza kupokea nambari za vitambulisho, nywila za ushuru na anwani za barua pepe za watu wasiojuana kutoka Tetu, Mukurweini na Mathira. Programu ya kunasa herufi, ikiwa imeingia kupitia kivinjari chenye ufa, huandika yote yanayobonyezwa na kuyatuma kwa mwenyewe.

Madhara yake hayaishii kwenye akaunti moja. Barua pepe ndiyo ufunguo wa funguo: aliyesahau nywila ya tovuti nyingine hutumiwa kiungo cha kuibadilisha kupitia barua pepe. Aliyeiteka anwani ya mtu anaweza kujibadilishia nywila za huduma zilizofungamanishwa nayo, mwenyewe asijue hadi atakapojaribu kuingia.

Biashara nazo haziko mbali na hatari. Hoteli za Nanyuki na Naro Moru, zinazowapokea wapandaji wa Mlima Kenya, haziwezi kukataa barua za wageni zisiowajua, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Mwaka wa 2023 watafiti wa usalama waliripoti kuwa wahalifu duniani walikuwa wakiziandikia hoteli kama wageni wenye malalamiko au mahitaji maalumu, wakiambatisha faili zilizoiba nywila za mifumo ya kuwekea nafasi.

Chama cha ushirika cha kahawa kinachopokea barua ya mnunuzi inayotaja akaunti mpya ya benki kinakabiliwa na udhaifu wa zamani zaidi. Kanuni za kupelekea barua pepe zilizowekwa mwaka wa 1982 hazimthibitishi mtumaji. Jina linaloonekana juu ya barua laweza kuandikwa na yeyote. Mbinu za kuziba pengo hilo, ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, ziliongezwa miaka mingi baadaye, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimewataka wanaotuma barua kwa wingi wazitumie. Hata hivyo, hazisaidii iwapo barua imetoka katika akaunti halisi iliyotekwa.

SHERIA INASEMAJE?

ILOVEYOU ilipozuka, Kenya haikuwa na sheria mahususi ya uhalifu wa tarakilishi. Makosa hayo yaliingizwa katika sheria ya mawasiliano kupitia marekebisho yaliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2009, enzi ya Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa pia Mbunge wa Othaya. Mei 2018 ikafuata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni. Kwa mujibu wa kifungu cha 14, anayeingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamgusa anayehifadhi habari za watu. Habari hizo zikifikiwa na asiyeidhinishwa, na pakawepo hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, mhifadhi anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Chama cha akiba na mikopo, shule au zahanati havitoki nje ya wajibu huo kwa kuwa viko mbali na Nairobi. Visa vya mashambulizi hupokewa na kituo cha taifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

YA KUFANYA

Mteja wa saiba aanze kwa kulitazama toleo la kivinjari. Katika Chrome na Firefox, kufungua sehemu ya menyu inayoeleza habari za kivinjari hukifanya kitafute sasisho papo hapo. Ikiwa maandishi yanasema kivinjari au Windows yake haihudumiwi tena, asiandike nywila yoyote hapo. Asikubali kivinjari kihifadhi nywila, na atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Dirisha la faragha husaidia kutoacha kumbukumbu za alikopita, lakini halizuii programu ya kunasa herufi. Uthibitishaji wa hatua mbili huongeza kizuizi, ingawa hauifanyi mashine mbovu kuwa salama. Mwenye simu inayopokea masasisho afadhali afanye shughuli za fedha na barua pepe humo, saiba aiachie kazi ya kuchapisha.

Mwenye saiba afahamu kwamba kivinjari hupakua kiraka kimyakimya lakini hukitumia tu baada ya kufungwa na kufunguliwa upya. Tarakilishi ambayo haizimwi kutoka Jumatatu hadi Jumamosi yaweza kuwa na kiraka tumboni kisichofanya kazi. Azifunge na kuzifungua upya kila siku. Anayetumia programu ya kugandisha atenge siku moja ya juma ya kuyeyusha na kusasisha. Wateja wapewe akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na viongezi vya kivinjari visivyohitajika viondolewe. Mashine isiyoweza kupokea Windows mpya inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, unaopatikana bila malipo na unaosasishwa, wenye Firefox ile ile ambayo wateja wameizoea.

Ofisi na vyama vya ushirika viweke kanuni moja isiyovunjwa: badiliko lolote la akaunti ya malipo lithibitishwe kwa simu, kwa nambari iliyokuwepo katika faili kabla ya barua hiyo kufika, si ile iliyoandikwa ndani yake.

Hatua hizi hazihitaji mtaalamu kutoka mji mkuu, na nyingi hazigharimu shilingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya mawe, ufa husubiri mvua kadhaa kabla ya ukuta kuanguka. Katika kivinjari, siku inayotangazwa dawa ndiyo siku ambayo wezi nao hujua pa kupenyea, na kiraka cha leo kinachoahirishwa hadi juma lijalo huwa kimempa mwizi muda wa juma zima.